Geuza Kwanza, Nunua Baadaye

Anayetaka kuanza kuunda na kupaka rangi visanamu vya michezo ya vita vya angani kwa kawaida huanza na orodha ya kununua: sanduku la askari wa plastiki kutoka Uingereza, vichupa kadhaa vya rangi, brashi za manyoya, gundi maalumu, kisu maalumu. Kwa mtu aliyeko Chwele, Bungoma, orodha hiyo humvunja moyo kabla hajashika brashi. Madukani hapa vitu hivyo havipo, kuviagiza kunaongeza nauli na ushuru, na sanduku likifika mwenyewe huogopa kuligusa asije akaliharibu. Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili. Jifunze kugeuza kilichoko sokoni, upake rangi ulichokigeuza, na ukishajua kwa mikono yako ni nini unachokosa, ndipo ununue. Siwaambii hivi kwa sababu ya uhaba wa pesa. Hata mwenye uwezo wa kuagiza kesho asubuhi ningemwambia vivyo hivyo, kwa kuwa kisanamu kinachovutia hutegemea mambo mawili yasiyouzwa ndani ya sanduku lolote: vipimo vinavyopatana, na rangi inayofanya vipande vyenye asili tofauti vionekane vimezaliwa pamoja.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni hivi. Wachezaji wawili hupanga askari, roboti na viumbe wa sayari nyingine juu ya meza iliyojengwa kama uwanja, yenye vilima, magofu na mitambo. Mwendo hupimwa kwa rula, na dadu huamua nani amelenga shabaha na nani amekosa. Askari wa kawaida ana urefu wa milimita 28 hivi, sawa na kifundo cha kidole gumba. Kila mmoja ameundwa na kupakwa rangi na mwenyewe, na wengi hutumia saa nyingi zaidi kwenye brashi kuliko kwenye dadu.

Ushahidi kwamba kugeuza ndio mwanzo uko ndani ya historia ya mchezo huu. H. G. Wells, aliyeandika mwaka 1898 riwaya ya watu wa Mirihi kuivamia dunia, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita vya mezani kiitwacho Little Wars, na viwanja vyake vilijengwa kwa vibao vya watoto na karatasi ngumu. Kampuni ya Games Workshop ilipotoa Warhammer 40,000 mwaka 1987, mchezo ambao leo ndio unaojulikana zaidi wa aina yake, magari ya kivita ya kununua yalikuwa haba. Katika miaka hiyo ya mwanzo jarida lake, White Dwarf, liliwaonyesha wasomaji namna ya kuunda kifaru kinachoelea hewani kwa kopo la dawa ya kwapa. Mafundi wa filamu ya Star Wars ya 1977 nao walinunua masanduku ya vifaru, ndege na meli za kuunganisha, wakayachambua, wakabandika vipande chungu nzima juu ya vyombo vyao vya angani. Mtazamaji aliyekaa gizani aliona mtambo mkubwa wa ajabu. Hakuna aliyepiga kelele kwamba ile ni injini ya kifaru cha vita vya pili vya dunia.

Hapa kwetu yuko Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa 1984, ambaye miwani yake iitwayo C-Stunners imemjengea jina mbali nje ya Kenya. Malighafi yake ni nyaya, vijiko, vifuniko vya chupa, mabaki ya vifaa vya umeme, na anayeivaa huonekana ametoka karne ambayo bado haijafika. Tofauti yetu na Kabiru ni kwamba yeye huacha kijiko kionekane ni kijiko, maana hapo ndipo utamu wa kazi yake ulipo. Sisi tunataka kijiko kisahaulike. Kwa hiyo tunahitaji kitu ambacho yeye hakihitaji sana, nacho ni praima, koti la kwanza la rangi linalofunika kila kitu.

Jicho huitambua kalamu ya Biro kwa ubuluu wake na mng'ao wake kabla halijalichunguza umbo. Ifunike yote kwa koti moja la rangi ya kijivu isiyong'aa, na ile njia ya kuitambua inakatika. Kinachobaki ni mcheduara mwembamba wenye ncha, na mcheduara mwembamba wenye ncha unaweza kuwa bomba la roketi, mtutu, nguzo ya mawasiliano. Jaribu mwenyewe: bandika pamoja kifuniko cha dawa ya meno, spoku ya baiskeli na gia ya saa iliyokufa. Vikiwa na rangi zake za asili utaona takataka tatu zilizogandana. Vipake kijivu, uviangalie tena baada ya saa moja. Mtu ambaye hakukuona ukiviunganisha atakuuliza ni mashine ya nini.

Praima hata hivyo haifichi kosa la vipimo, na hapa ndipo kazi za wanaoanza huharibika zaidi. Askari wa milimita 28 akiwa mtu mzima, basi kila milimita ya mezani ni kama sentimita sita za kweli. Shika hesabu hiyo kichwani ukizunguka sokoni. Kifuniko cha chupa ya soda kina upana wa karibu milimita 30, yaani karibu mita moja na sentimita 80: ni mlango wa juu wa kifaru ambao mtu mwenye silaha anapita bila kukwama, au gurudumu la lori kubwa mno. Kichwa cha skrubu chenye milimita tano ni duara la sentimita 30, kwa hiyo hakiwezi kuwa kitufe cha kubonyeza, lakini ni jicho zuri la roboti. Mlango wa jengo uwe na kimo cha milimita 35 hivi. Mlango mmoja, ngazi moja na kiti kimoja vikiwa na kipimo sahihi, jicho litasamehe vingine vingi, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyopimia ukubwa wa kila kitu tukiwa barabarani.

Sasa sokoni. Soko la Chwele linajulikana zaidi kwa kuku, ndizi na mboga zinazopakiwa malori, lakini kwa mgeuzaji utajiri uko pembezoni. Kwa fundi wa redio na simu kuna fremu, springi, gia na vipande vya spika. Kwa fundi wa baiskeli kuna spoku, gololi na vali. Duka la dawa za mifugo lina sirinji mpya za ukubwa mbalimbali, na sirinji ni hazina mara mbili: mwili wake ni mtungi ulio tayari wenye mistari ya vipimo, na ndogo ya mililita moja hukuwezesha kuchanganya rangi kwa matone yanayohesabika, ili kijani cha leo kirudi kilekile mwezi ujao. Nunua mpya. Sirinji iliyotupwa isiokotwe, hata ikionekana safi. Ndara zilizokatika zina sponji inayokatika vizuri kwa wembe. Ukiichorachora kwa ncha ya kalamu inageuka ukuta wa mawe. Kwenye mitumba kuna mafungu ya vikaragosi vilivyovunjika, na humo ndimo utakapopata mikono, vichwa na miguu.

Vikaragosi hivyo vina ugumu wake, na bora uujue mapema kuliko kuujua baada ya wiki ya kazi. Plastiki ngumu inayovunjika kwa sauti hukubali gundi na rangi bila shida. Plastiki laini inayopinda, ile ya askari wa kijani wanaouzwa ndani ya mfuko, hukataa vyote viwili: supaglu hubanduka na rangi hupukutika kama magamba. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana ina mafuta ya kiwandani, iache ikauke, kisha uipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo kabla ya praima, ili rangi ipate ngozi ya kushika. Ukitaka kuunganisha mkono mpya, usitegemee gundi peke yake. Toboa tundu dogo pande zote mbili, pitisha kipande cha waya kama mfupa, ndipo utie gundi. Wembe nao usiushike mtupu. Ufunge kwenye kijiti na ukate kuelekea nje ya mwili wako. Usiyeyushe plastiki motoni kwa sababu moshi wake ni sumu, na betri za simu usizipasue kwa kutafuta vipande, kwa kuwa zinaweza kulipuka moto mkononi.

Kabla sijafika kwenye brashi, niseme juu ya pingamizi ninalolichukulia kwa uzito kuliko mengine yote. Je, ni haki kuwafundisha vijana wa Bungoma mchezo wa vita? Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon ulimwaga damu. Kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) liliua na kukata watu masikio, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008, Okoa Maisha, ilileta mateso yake. Waliokimbia walishuka kuja huku chini, na wapo watu wazima leo ambao neno vita kwao lina sura na majina. Sikubali jibu jepesi kwamba mchezo ni mchezo tu. Jibu langu ni mpaka ulio wazi: mezani pasiwekwe kabila, ukoo, mlima wala jeshi ambalo mtu wa kijiji hiki anaweza kulitambua. Faida ya bunilizi za kisayansi juu ya michezo ya kihistoria ni hapo hasa. Zinakuruhusu uchague adui asiye na jirani.

Na adui huyo tunaye, tena jina lake limekaa tayari. Viwavijeshi vya kutoka bara la Amerika viliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 vilikuwa ndani ya mahindi ya magharibi mwa Kenya. Mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma hahitaji kuelezwa maana ya mvamizi kutoka ulimwengu mwingine. Alimwona ndani ya mahindi yake. Wanaosema hadithi za kisayansi si zetu wangetazama hapo kwanza, kisha watazame filamu Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inayoionyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya kugombea maji, watu wakiishi wamefungiwa ndani na kila tone likihesabiwa. Mtu aliyekulia kwenye ukame, wadudu na mitambo inayokarabatiwa mara ishirini ana malighafi ya bunilizi kuliko mwenye maktaba nzima ya riwaya.

Basi tuunde kiwavijeshi kimoja, kikubwa kama gari dogo. Chukua waya wa shaba kutoka kebo kuukuu, pinda nyuzi mbili pamoja mpaka upate uti wa mgongo wa milimita 60, ambao kwa hesabu yetu ni zaidi kidogo ya mita tatu na nusu. Kwa nyama, tumia epoksi ya kukanda ambayo mafundi bomba huzibia mabomba yanayovuja. Changanya sehemu sawa, vaa mfuko wa plastiki mkononi maana huwasha ngozi, na lowanisha vidole ili isinate. Ikikushinda bei, unga wa mbao uliosagika laini na kukandwa na gundi ya mbao unatosha, ila upake tabaka jembamba kila siku, kwani likiwa nene hupasuka likikauka. Epoksi ikiwa bado laini, zungusha uzi wa kushonea kuanzia kichwani hadi mkiani, kaza kidogo, kisha ufungue. Mwili utabaki na pingili kama za mdudu wa kweli. Kichwa ni shanga moja kubwa. Miguu ya mbele ni jozi tatu za vijiwaya vyenye ncha. Nyuma yake weka jozi nne za vijiti vifupi vinene katikati ya tumbo na jozi moja mwishoni kabisa.

Kwenye rangi, mfuate mdudu mwenyewe. Kiwavijeshi hiki hutambulika kwa mstari hafifu usoni wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na kwa madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Ukiyapata hayo mawili, mkulima yeyote atakayepita karibu na meza yako atamtambua na kusogea nyuma hatua moja. Hakuna mchoro wa kitabu cha kigeni utakaokupa nguvu hiyo. Anayetaka maumbo mengine aende Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyekusanya vipepeo na wadudu wa eneo hili kwa miaka mingi mpaka alipofariki 1966. Simama mbele ya sanduku moja la mende na vipepeo, uandike ni rangi gani inakaa kando ya rangi gani. Maumbile yamekwisha kufanya majaribio hayo kwa niaba yako.

Kwa rangi yenyewe, rangi ya maji ya ukutani inayouzwa hadweya inafaa viwanja, magofu na hata praima, lakini chembe zake ni nene kwa sura na mikono. Kwa visanamu nunua tyubu za akriliki kwenye maduka ya vitabu na vifaa vya shule, Bungoma au Kitale, na sita zinatosha: nyeusi, nyeupe, nyekundu, manjano, buluu na kahawia. Rangi isitoke kwenye tyubu ikaenda moja kwa moja kwenye kisanamu. Izimue kwa maji iwe kama maziwa mabichi. Ikiwa kama mala itafunika pua, macho na kila mkunjo uliouhangaikia. Paka koti mbili nyepesi na uache ya kwanza ikauke kabisa. Jua letu la saa sita hukausha rangi kwenye brashi kabla haijafika, kwa hiyo fanya kazi kivulini, na rangi zako ziweke juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji yenye maji ndani ya kifuniko cha mkebe. Rangi ya kupuliza itumie asubuhi, kabla ya mvua ya mchana kuanza kukusanyika, kwa kuwa hewa yenye unyevu huifanya ipauke kama imenyunyiziwa majivu. Tina, petroli na dawa ya kuondoa rangi ya kucha viweke mbali na plastiki ngumu na lile povu jeupe la kufungia televisheni. Vitavila mbele ya macho yako.

Koti zikikauka, zimua kahawia kwa maji mengi mpaka iwe kama chai ya rangi, ipake kila mahali, uiache itiririkie mashimoni. Huo ni uvuli. Ukimaliza, chovya brashi kuukuu kwenye rangi hafifu, ifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, kisha uipitishe haraka juu ya kingo. Kila pembe itawaka. Hatua hizi mbili peke yake zinamtoa mwanafunzi kwenye kikaragosi na kumfikisha kwenye kisanamu, na mtu anaweza kuzifanya kwa askari kumi jioni moja.

Kuhusu ngozi nataka nikae kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yaliyochapishwa yalizoea kuanza na askari weupe, na anayeyafuata akitaka askari mwenye sura ya watu wa hapa hutoka na uso wa kijivu. Kosa liko kwenye nyeupe. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia ili kupata sehemu za mwanga, ngozi inapauka, ile hali ambayo kila mama wa Bungoma huiondoa kwa mafuta kabla mtoto hajaenda shule. Anza na kahawia nzito yenye tone la buluu au nyekundu iliyokolea. Panda kwa kuongeza kahawia yenye wekundu, kisha tone la manjano, na mwanga wa mwisho uwe mdogo na mkali: doa dogo kwenye paji, pua na juu ya shavu, maana ngozi nyeusi yenye afya hung'aa mahali pachache kwa nguvu. Viganja viwe hafifu zaidi. Tazama mkono wako mwenyewe chini ya dirisha na uufuate. Ndio kielelezo bora, nao unao wakati wote.

Kitako cha askari kiwe kifuniko cha soda kilichojazwa karatasi iliyolowekwa gundi. Juu yake nyunyiza udongo mwekundu wa barabara uliochekechwa kwa kitambaa cha chandarua kilichochakaa, ushikishe kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa. Kidogo cha udongo huohuo, ukiwa mkavu, upake kwa brashi kwenye miguu ya roboti na matairi, na masizi ya jiko uyapake kwenye midomo ya mabomba ya moshi. Vumbi hili moja linalopanda kutoka kitakoni mpaka magotini linawafunga askari wote kwenye ardhi moja, hata kama walitoka kwenye mafungu matano tofauti ya mitumba.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya watoto, tena isiyoleta shilingi. Sitawaahidi biashara, na anayeanza kwa nia ya kuuza atakata tamaa mapema. Ila sijasikia mtu mzima akidaiwa risiti kwa saa mbili za kutazama mpira Jumamosi. Na watoto wa hapa wameunda magari ya mabua ya mahindi na ng'ombe wa udongo tangu zamani. Tunachokifanya ni kuwaambia wasiache wanapoingia sekondari, mikono inapoanza kuwa na akili. Wengine watasema visanamu vilivyogeuzwa havikubaliki. Ni kweli kwamba mashindano rasmi ya kampuni fulani hudai visanamu vya kampuni hiyo, lakini mashindano hayo yako mbali na Chwele. Stargrave, kitabu cha kanuni cha Joseph McCullough kilichotoka 2021, kiliandikwa kwa ajili ya visanamu vya aina yoyote, na kikosi chake hakizidi watu kumi.

Kwa mchezo wa kwanza, punguza hata zaidi: roboti watano upande mmoja, viwavijeshi wanane upande wa pili, katikati ghala la mahindi lililojengwa kwa sponji ya ndara. Visanamu vikishakauka, vibebe kwenye trei ya mayai, kila kimoja shimoni mwake, vichwa juu. Kwenye bodaboda iweke mapajani, sio kwenye kibebeo cha nyuma, kwa sababu kinachovunjika kwanza huwa ni vile vijiwaya vya miguu ya mbele ya viwavijeshi.